Kisu cha porini: unene wa bapa na grindi, jinsi ya kupima, kuchagua na kurekebisha mwenyewe

Kisu changu cha kwanza cha porini kilikuwa na milimita 5 mgongoni na nilikipenda kwa sababu hiyo tu, nilikishika mkononi nikasema hiki hakivunjiki. Na kweli hakikuvunjika. Ila kukata kamba kazi, kuchonga kigingi kazi, karoti nikiikata inapasuka kwa kishindo badala ya kukatika, alafu cha ajabu nikinoa kinanyoa vinyweleo vya mkono bila shida yoyote. Yaani kikali lakini hakikati. Nilinunua kinoo kingine, nikanunua mkanda wa ngozi wa kunolea, hamna kitu, hali ileile. Mpaka siku nimepima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) pale nyuma kidogo ya makali ndo nikaelewa kwamba ukali ni jambo moja na kukata ni jambo lingine: ukali ni ncha ya makali jinsi ilivyo nyembamba kabisa, kukata ni jinsi chuma kinachofuata nyuma yake kinavyopita ndani ya kitu. Kisu ni kabari. Ukisukuma kabari nene kwenye kitu kigumu, hata kama mdomo wake ni mkali namna gani, kitu lazima kipanuke ndo ipite.

Kwahiyo mwongozo huu unahusu hiyo kabari. Utahitaji kalipa (ya dijitali au ya kawaida, yoyote), kalamu ya wino mzito, rula, na kama utafika kwenye kurekebisha basi msasa wa maji namba 220, 400 na 800 pamoja na kitu bapa cha kuuwekea, kioo kinene au kigae kinatosha.

Hatua ya 1: Andika kisu chako kinakata nini

Chukua karatasi uandike vitu ulivyokata mara ya mwisho ulipolala nje. Vyote, ila vile ulivyokata kweli, usiandike unavyofikiria kwamba siku moja utavikata. Kwa wengi wetu orodha inatoka hivi: kamba, mfuko, vigingi vya hema, vijiti vya kuwashia moto, chakula, samaki, na mara mojamoja kupasua kuni. Kutumia ncha ya kisu kama mtaimbo karibu haipo kabisa, na bado hicho ndo kitu kinachofanya watu wanunue visu vinene.

Sasa igawe orodha yako kwa namna kitu kinavyolibana bapa. Kuna vitu laini ambavyo vikishakatwa vinafunguka vyenyewe, kama kamba, ngozi, nyama. Hapo ni ile milimita moja au mbili ya mwanzo ya makali ndo inafanya kazi, mgongo unaweza kuwa mnene na usiuone. Kuna vitu vigumu visivyojikunja, kama karoti, kiazi kibichi, kadibodi ya tabaka nyingi. Hivyo vinabana bapa pande zote mbili toka makali mpaka mgongoni, na hapo kila sehemu ya milimita inakudai nguvu. Alafu kuna mbao, na mbao zina tabia mbili: ukichonga, gamba linajikunja na kukimbia upande mmoja kwahiyo halikubani sana, ila ukipasua unataka kitu kinene kinachosukuma pande mbili ziachane. Kitu kilekile, mti, unataka kisu chembamba asubuhi na kinene jioni. Hapo ndo ugumu wote wa kuchagua ulipo.

Hatua ya 2: Pima sehemu tatu, sio moja

Matangazo yanakupa namba moja tu, unene wa mgongo. Hiyo peke yake haikuambii kisu kitakata vipi. Pima hivi:

Kwanza mgongo karibu na mpini, na tena mgongo sentimita 2 kabla ya ncha. Kama namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza maana yake bapa linapungua kuelekea nchani, hiyo ni nzuri kwa kazi ndogondogo na kwa uzito, ila ncha itakuwa dhaifu ukiibanjulia kitu.

Pili, pima milimita 10 juu ya makali. Chora mstari mdogo kwa kalamu ili usiteleze.

Tatu, na hii ndo namba yenyewe, pima pale mteremko mdogo wa makali unapoishia na bapa linapoanzia. Tunaiita unene wa nyuma ya makali. Shika kalipa taratibu usikwaruze, pima sehemu tatu nne za bapa maana visu vingi sio sawa toka mwanzo mpaka mwisho, unakuta karibu na mpini 0.5 na kwenye tumbo la ncha 0.8.

Huna kalipa? Kuna njia ya karibu. Kama kisu kimenolewa nyuzi 20 kila upande, pima upana wa ule mteremko mdogo unaong'aa, zidisha kwa 0.68, unapata unene wa nyuma ya makali. Mteremko wa milimita 0.7 unamaanisha karibu nusu milimita nyuma ya makali, mteremko wa milimita 1.3 unamaanisha karibu 0.9. Ndo maana ukiona kisu kipya kina mteremko mpana unaoonekana toka mbali, ujue kuna chuma kingi pale nyuma, hasa kama mtengenezaji anasema pembe ni nyuzi 20. (Skandi, yaani kisu kisicho na huo mteremko mdogo wa pili, haimo kwenye hesabu hii, tutaifikia.)

Kwa jinsi ninavyovitumia mimi: 0.2 hadi 0.3 ni kisu cha jikoni, kinakata raha ila ukikigonga kwenye fundo la mti kinapata mapengo. 0.4 hadi 0.6 ni pazuri sana kwa kisu cha porini cha kazi zote. 0.6 hadi 0.8 ni kisu cha kugongwa na gongo mara kwa mara. Zaidi ya 0.8 kwenye kisu kidogo cha sentimita 10, mi naona ni chuma kilichobaki tu kwa sababu kiwandani hawakutaka kupoteza muda kwenye mashine, au hawakutaka mteja arudishe kisu chenye pengo.

Hatua ya 3: Jua grindi ya kisu chako

Grindi ni namna bapa lilivyopunguzwa toka mgongo mpaka makali. Lishike bapa ncha ikuelekee, taa iwe nyuma yako, uangalie mwanga unavyovunjika kwenye ubavu. Mwanga ukilala sawa toka mgongoni mpaka chini, ni flati nzima. Ukikatika katikati kwa mstari, ni flati nusu. Ukikatika chini kabisa karibu na makali na hamna mteremko mwingine mdogo, ni skandi. Ukiona umejikunja kuingia ndani kama kijiko, ni mbonyeo. Ukijikunja kutoka nje kama mgongo wa samaki, ni mbinuko.

Sasa tuzilinganishe kwa namba, maana maneno matupu hayasaidii. Chukua bapa la milimita 4 mgongoni, kimo (toka makali mpaka mgongo) milimita 30, nyuma ya makali 0.5.

Flati nzima: unene unapungua pole pole kimo chote. Milimita 10 juu ya makali utakuta karibu 1.7. Hiyo ni nyembamba, inapita kwenye karoti vizuri na kisu kinakuwa chepesi. Hasara yake ni kwamba ubavu wote umelala sawa, kwahiyo vitu vyenye maji vinaganda juu yake, na ukipasua gogo linaweza kulibana bapa lote ukabaki unavuta.

Flati nusu, tuseme mteremko una kimo cha milimita 15 tu: chuma hichohicho, mgongo huohuo, lakini milimita 10 juu ya makali sasa unapata 2.8. Angalia hapo vizuri, visu viwili vina mgongo sawa na makali sawa, kimoja kina zaidi ya milimita nzima ya chuma pale pale karoti inapobanwa. Dukani ukivishika huoni tofauti. Faida ya flati nusu ni bapa gumu na zito, na lile bega pale mteremko unapoishia linasaidia kupasua. Kisu cha Ka-Bar cha wanajeshi wa majini wa Marekani, kile kilichoanza kutumika mwaka 1942, kina grindi ya namna hii, na kwa kisu ambacho askari alitarajiwa kukifanyia kila kitu mpaka kufungulia masanduku inaeleweka.

Skandi: mteremko mmoja tu, toka bapa mpaka makali moja kwa moja, jina linatokana na visu vya Skandinavia, puukko ya Ufini na ndugu zake wa Uswidi na Norwei. Kwenye bapa la milimita 3 lenye nyuzi 12.5 kila upande mteremko unakuwa na kimo cha milimita 6.8 hivi. Mteremko mpana namna hiyo unaweza kuulaza juu ya mti ukauhisi kwa vidole, na makali yanafuata njia bila kuchimba wala kuruka, ndo maana kwa kuchonga sijaona grindi inayoishinda. Pale kwenye makali pembe yote ni nyuzi 25 tu wakati kisu cha kawaida kilichonolewa nyuzi 20 kila upande kina 40, kwahiyo kinauma mti kwa urahisi. Tatizo linakuja baada ya zile milimita 6.8: pale tayari umefika unene wote, milimita 3 kamili. Karoti inapasuka. Na kwa sababu hiyo skandi nene ni kosa machoni pangu, ukipeleka milimita 4 au 5 kwenye skandi unapata kabari butu, au mteremko mrefu sana ambao kuunoa ni kusaga chuma siku nzima. Angalia Mora, watengenezaji visu wa Uswidi: Companion yao ya chuma kisichoshika kutu ina milimita 2.5, Garberg yao ina 3.2, na hao watu wamechonga mbao vizazi na vizazi, wanajua kwanini wameishia hapo.

Mbonyeo: ubavu umekwanguliwa kwa gurudumu, kwahiyo sehemu ya juu kidogo ya makali inabaki nyembamba kwa kimo kirefu. Kwa kuchuna mnyama na kukata nyama ni tamu sana, kisu cha kukunja cha Buck 110 kimejipatia jina kwa hilo. Na ina uzuri mwingine ambao watu hawausemi, unavyozidi kuinoa kwa miaka inachelewa kuwa nene. Kwa kupasua kuni usiipeleke. Mti unaingia kwenye ule mbonyeo unafika begani unakwama, na makali membamba vile yakipindishwa kidogo upande yanamenyeka.

Mbinuko: ubavu umevimba kidogo, hamna bega hamna kona, toka makali mpaka juu ni mkunjo mmoja. Mti ukifunguka unagusa ubavu sehemu ndogo tu kwahiyo bapa halinasi. Fällkniven F1, ambayo ndo kisu cha marubani wa jeshi la anga la Uswidi, ina mgongo wa milimita 4.5 na grindi ya mbinuko, na inachonga vizuri kuliko unavyotarajia ukiangalia mgongo. Ila kuwa makini, neno mbinuko peke yake sio sifa. Kuna mbinuko mwembamba na kuna mbinuko mnene kama shoka, na ukinoa hovyo kwa mkono unaoyumba kila kisu kinaishia kuwa mbinuko mnene bila kukusudia.

Hatua ya 4: Mgongo uwe na unene gani basi

Kitu cha kujua ni kwamba ugumu wa bapa dhidi ya kupinda haukui sawa na unene, unakua kwa mchemraba. Bapa la milimita 4 sio gumu mara mbili ya la milimita 2, ni gumu mara nane. Toka 3 kwenda 4.5 umeshaongeza zaidi ya mara tatu. Kwahiyo milimita 3 hadi 4 za chuma kilichotiwa matiko vizuri zina nguvu nyingi kuliko mkono wako unavyohitaji, na ukiendelea kuongeza unanunua uzito: bapa la sentimita 10 kwa 3, kila milimita ya unene kabla halijakwanguliwa ni gramu 23 hivi, unazibeba kutwa nzima.

Kwa hesabu yangu, kuchonga na chakula, 2 hadi 3. Kisu kimoja cha kila kitu, 3 hadi 4. Kisu cha kugongwa sana kwenye kuni, 4 hadi 5. Kisu kirefu cha kufyekea na kukatia matawi hicho ni habari nyingine, hapo uzito unatakiwa mbele na urefu unafanya kazi kuliko unene, panga lenyewe ni jembamba na linaangusha miti. Juu ya milimita 5 kwenye kisu kifupi sijapata kazi yake bado, na nimetafuta.

Na usisahau kimo cha bapa, yaani toka makali mpaka mgongo. Milimita 4 kwenye kimo cha 30 kwa flati nzima inakupa kabari ya nyuzi 7 kasoro kidogo. Milimita 4 hizohizo kwenye kimo cha 20 zinakupa nyuzi 10. Kwahiyo kisu kifupi kwa kimo lazima kiwe chembamba, la sivyo hakuna grindi itakayokiokoa. Ukiwa unachagua kati ya visu viwili vya mgongo sawa, chukua chenye bapa pana kwa ajili ya chakula na chenye bapa finyu kwa kuchonga mashimo na mikunjo, maana bapa finyu linageuka vizuri ndani ya mti.

Hatua ya 5: Kijaribu kabla hujagusa kitu

Kinoe kwanza. Usipime grindi kwa kisu butu, utadanganyika. Kikishanyoa au kukata karatasi bila kuchana, fanya haya:

Chukua kijiti kikavu kisicho na mafundo, kama unene wa kidole gumba, ukichonge magamba membamba yanayojiviringisha bila kukatika mpaka kiote manyoya ya kuwashia moto. Kisu kikichimba na kukwama, pembe ya makali ni kubwa au nyuma ya makali ni nene. Kikiteleza juu ya mti bila kuuma, hivohivo.

Karoti nene, ikate vipande katikati kwa kusukuma chini. Sikiliza. Kama inapasuka kabla makali hayajafika chini, bapa ni nene juu ya makali. Hiyo haiponi kwa kunoa.

Kadibodi, ikate vipande virefu kama mita 2 kwa jumla. Hapa unaangalia mkono unachoka au hauchoki.

Mwisho kupasua. Chagua kipande kilichonyooka, unene usizidi nusu ya urefu wa bapa, kisimamishe juu ya gogo lingine, weka makali katikati, gonga mgongo kwa gongo la mti na sio kwa nyundo wala jiwe. Ncha ibaki imetokeza sentimita 3 au 4 ili uendelee kuigonga bapa likizama. Usigonge mpini, usigonge kisu kikiwa kimeinama, na mkono ulioshika mpini usubiri tu usisukume upande. Goti na paja viwe mbali na njia ya kisu. Likinasa bapa, gonga mti kwa kabari ya mti, usilipinde bapa kulitoa.

Matokeo yaandike. Nilivyofanya hivi na kile kisu changu cha milimita 5 kilishinda kwenye kupasua peke yake na kikashindwa na kisu cha bei ndogo cha milimita 2.5 kwenye vingine vyote, na nilipopima nyuma ya makali nikakuta 0.9.

Hatua ya 6: Punguza nyuma ya makali

Hii ndo kazi inayobadilisha kisu kuliko kununua kingine, na inafanyika kwa mkono, inataka uvumilivu tu. Usitumie grenda wala mashine ya gurudumu kavu. Makali membamba yanapata moto kwa sekunde, ukiona rangi ya majani makavu tayari umeshakaribia, ukiona bluu umefika nyuzi joto 300 hivi na pale chuma kimelainika, matiko yametoka na hayarudi kwa kunoa. Msasa na maji haviwezi kukufanyia hivyo.

Funga ncha kwa utepe. Paka wino wa kalamu kwenye mteremko mdogo na nusu sentimita juu yake, pande zote mbili. Weka msasa 220 wenye maji juu ya kioo. Sasa laza kisu alafu inua mgongo mpaka nyuzi 10: kwa kimo cha milimita 30 hiyo ni milimita 5 toka kwenye msasa mpaka katikati ya mgongo. Sema katikati, usipime toka ubavuni, maana kwenye mgongo mnene utakosea kwa milimita 2 na pembe yote itaharibika. Sarafu kadhaa zilizopangwa chini ya mgongo zitakusaidia macho mwanzoni, baadae mkono unazoea.

Sukuma viboko 20 upande mmoja, 20 upande wa pili, angalia wino. Unataka uondoke pale kwenye kona, yaani bega la mteremko mdogo, na usiguse makali yenyewe. Ukiona wino umeondoka mpaka kwenye makali umeinua sana. Endelea, osha, pima kwa kalipa kila baada ya viboko 100. Kimaajabu utaona mteremko mdogo unapungua upana wenyewe bila kuugusa, hiyo ndo dalili kwamba unafanya sawa. Mimi ilinichukua jioni tatu kutoka 0.9 hadi 0.55 na mikono iliuma, ila kile kisu nilichokuwa nataka kukitoa ndo ninachotembea nacho mpaka leo. Mgongo haujabadilika hata kidogo, ni ileile milimita 5, lakini kamba inakatika kwa mvuto mmoja.

Simama kabla hujafika lengo lako, acha 0.05 kwa ajili ya msasa 400 na 800 wa kusafisha mikwaruzo. Kona iliyobaki kati ya pembe ya 10 na ubavu iviringishe kidogo kwa msasa laini ili isikwame kwenye mti. Alafu noa makali upya nyuzi 17 hadi 20 kila upande. Kwa kimo cha milimita 30 nyuzi 20 ni mgongo kuinuka milimita 10, hiyo ni rahisi kuikumbuka, theluthi moja ya kimo.

Skandi usiifanyie hivi. Skandi inapunguzwa kwa kulaza mteremko wote kwenye kinoo na kusaga wote kwa pamoja. Ikiwa inapata mapengo kwenye mti mgumu, usiongeze pembe ya mteremko wote, inua mgongo kidogo tu mwishoni na upitishe viboko vitano kila upande, unapata kamteremko kadogo kasikoonekana vizuri kwa macho na makali yanatulia.

Visu ambavyo singevipunguza chini ya 0.6: vile ambavyo unajua chuma chake ni cha kukaa na ukali muda mrefu lakini kinavunjika kirahisi kikigongwa, na vile ambavyo hujui chuma chake kabisa. Chuma cha kaboni cha kawaida kama 1095, au kile kisichoshika kutu cha 12C27 cha Uswidi, kikitiwa matiko vizuri kinavumilia wembamba bila kulalamika.

Hatua ya 7: Kunoa bila kuharibu ulichotengeneza

Kila ukinoa mteremko mdogo peke yake, makali yanapanda juu kwenye sehemu nene. Ni kidogo kidogo, huoni, ila baada ya mwaka mmoja au miwili kisu kilichokuwa 0.5 kinakuwa 0.7 na unaanza kujiuliza mbona siku hizi hakikati kama zamani. Kwa flati, kila unapotoa pengo kubwa au baada ya kunoa mara nyingi, rudia hatua ya 6 kidogo, viboko 50 tu. Mbonyeo unasamehe zaidi kama nilivosema. Skandi haina tatizo hili kwa sababu unanoa mteremko wote, ndo maana watu wa kuchonga hawaiachi.

Mbinuko unanolewa juu ya kitu kinachobonyea: weka msasa wa 800 au zaidi juu ya kipande cha mpira laini au ngozi nene, vuta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo mbele makali nyuma, bila kubinya. Msasa unabonyea unafuata mkunjo. Ukibinya sana unapanda juu ya makali unayazungusha yanakuwa butu, kwahiyo uzito wa kisu chenyewe unatosha.

Baada ya safari ya kwanza na kisu ulichorekebisha, kishike chini ya taa makali yakiangalia juu. Makali mazuri hayaonekani, hayarudishi mwanga. Ukiona vimeremeto, pitisha ukucha taratibu toka ubavuni kwenda makali, pande zote mbili. Ukucha ukinasa upande mmoja tu, makali yamejikunja, chuma ni laini kwa pembe uliyoweka. Ukiona vitundu vyenye kingo kali, yamemeguka, chuma ni kigumu na kimekuwa chembamba mno kwa kazi ile. Vyote viwili usikimbilie kurudisha unene wote, ongeza nyuzi 2 kila upande pale kwenye makali tu, rudi ukafanye kazi ileile kwenye mti uleule, uangalie tena. Kama bado, nyuzi 2 nyingine. Angalia pia imetokea wapi kwenye bapa: ikiwa ni karibu na mpini pale unapochongea kwa nguvu, basi iongeze hapo peke yake na sehemu ya mbele iache nyembamba kwa ajili ya chakula na samaki, hakuna sheria inayosema bapa lote liwe na pembe moja.

Na ala yake ijaribu pia, kisu kilichopunguzwa kinaweza kukata ngozi ya ndani ambayo zamani kilikuwa kinaikwaruza tu. Igeuze ala juu chini kisu kikiwa ndani, uitikise juu ya kitu laini, kisu kikitoka chenyewe, tafuta ala nyingine kabla hujakivaa kiunoni.